Ulimi wa Cyril Sugden

Kampuni ya Pikersgill, inayomiliki nyumba sabini na mbili za kunywea pombe kaskazini mwa Uingereza, ilitangaza kwa masikitiko makubwa, kwa karatasi iliyovikwa plastiki na kubandikwa mlangoni, kwamba baa ya Mfumaji ya hapa Ackerdale imefungwa. Uamuzi huo, ilisema kampuni, ulifikiwa baada ya tafakuri ya kina. Ubora wa bia haukuwahi kutiliwa shaka: alama zilizotolewa na waonjaji wa kujitegemea zilibaki za juu hadi wiki ya mwisho. Sababu ilikuwa moja, nayo ilikuwa nje ya uwezo wa mtu yeyote. Tabia za wateja zimebadilika. Watu wa siku hizi hawatoki majumbani mwao, na wakitoka hawataki tena bia ya pipa.

Sina ugomvi na tangazo lile. Lilikuwa na sarufi safi na lilibandikwa likiwa limenyooka, mambo mawili ambayo si kawaida ya kampuni ile. Ila hao waonjaji wa kujitegemea waliotajwa kwa wingi walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo nilikaa naye meza moja kwa miaka kumi na tisa. Nadhani si vibaya nikamsimulia.

Cyril Sugden alizaliwa nyuma ya kiwanda cha kutia rangi nguo, mahali ambapo mto ulipita mwekundu Jumatatu na buluu Alhamisi. Alipofika miaka kumi na mitano aliingia kiwanda cha sufu kuwa mpanga madaraja. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama mbele ya meza chini ya dirisha, kupitisha vidole kwenye manyoya ya kondoo, na kusema: hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya kujazia magodoro. Hakuna mashine iliyoweza kumbishia. Alikuwa na miaka thelathini na minne kiwanda kilipofungwa, na mwaka uleule mkewe, Sheila, akahamia Leeds na muuza mazulia ya nailoni. Cyril hakulalamika kuachwa. Alilalamikia nailoni.

Mtu aliyezoea kusema hii ya kwanza hii ya pili hawezi kukaa bure. Cyril akahamia kwenye bia. Alijiunga na chama cha wapenda bia ya pipa, akanunua daftari, na kwa miaka thelathini na saba alipanda mabasi kwenda baa za wilaya tano. Aliagiza nusu painti, glasi ndogo, akaonja, akaandika alama kuanzia sifuri mpaka tano. Alama hizo zilipelekwa chamani, na chama kila mwaka kilitoa kitabu cha baa zinazostahili kutembelewa. Baa ikiingia kitabuni, wageni huja. Ikitoka, huja madalali wa majengo. Katika maisha yake yote Cyril alitoa tano mara mbili tu, na mojawapo aliifuta kesho yake.

Tulimheshimu vibaya sana. Aliwahi kumwambia dereva wa lori la bia kwamba lile pipa la mwisho lilikaa juani si chini ya saa mbili. Dereva akabisha, akaapa, kisha akakiri kwamba alisinzia njiani. Tangu siku hiyo Cyril akiinua kidole, pipa zima lilimwagwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Maana bia ya pipa si bia ya chupa. Iko hai, hamira bado inafanya kazi ndani yake, nayo hulazwa katika chumba cha chini chenye ubaridi wa kiasi, si barafu, si joto. Ukishafungua pipa una siku tatu, nne ukibahatika. Baada ya hapo, au chumba kikipata joto, inaanza kuelekea kwenye siki, na haijapata kutokea ikarudi.

Aliyeiendesha Mfumaji, kama mpangaji wa kampuni, alikuwa Noreen Haigh, mjane. Noreen alikulia katika kanisa la Wamethodisti wa hapo kilimani, na alipokuwa na miaka tisa alitia saini kadi ya kuapa kutogusa kileo maisha yake yote. Kisha akaolewa na Trevor Haigh, mwendesha baa. Mtu akimtania kuhusu hilo hujibu, “Niliapa nisinywe, kipenzi. Hakuna aliyeniapisha nisiuze.” Aliwaita watu wote kipenzi, pamoja na mkaguzi wa afya. Trevor ndiye aliyekuwa na chumba cha chini na ulimi wa kukihudumia. Trevor alipofia kwenye ngazi za chumba hicho, nyundo ya mbao mkononi, Noreen alibaki na baa, na vyumba vitatu vya kuishi juu yake, na bia asiyoweza kuionja.

Ndipo Cyril alipopewa cheo. Kila siku saa tano asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, Noreen alimvutia kidogo kutoka kila bomba.

“Ikoje, kipenzi?”

“Nne.”

“Jana ulisema nne.”

“Na jana ilikuwa nne.”

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao kwa miaka minane. Nimeona ndoa zilizosimama juu ya maneno machache zaidi.

Sasa kuna jambo ambalo sisi tulilijua baadaye, Cyril aliponieleza mwenyewe. Nalitoa hapa ili msomaji asiteseke kama tulivyoteseka sisi. Mwezi wa Februari mwaka jana Cyril alipata homa, homa ya kawaida ya siku nane. Siku ya tisa akaamka, akapaka jamu ya machungwa kwenye mkate, akauma, na hakukuta kitu. Alikuta ulaini na unyevu, basi. Akachukua haradali akala kijiko kizima. Machozi yakamtoka, pua ikawaka, lakini ladha haikuja. Daktari alimwambia inaweza kurudi baada ya mwezi, au mwaka, au isirudi, na kwamba kwa mtu wa umri wake kuna mambo mabaya zaidi ya kupoteza. Cyril alifikiri sana ni yapi, hakupata hata moja.

Saa tano alikuwa Mfumaji.

“Ikoje, kipenzi?”

“Nne,” akasema.

Alikusudia iwe kwa wiki moja. Lakini wiki ile ndiyo chama kilikuwa kinakusanya alama, na iliyofuata ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Noreen, na ya tatu ilimkuta ameshazoea. Tena haikuwa uongo. Noreen alikitunza chumba cha chini kama alivyofundishwa, bia ilikuwa nne kweli. Cyril alisema kweli kwa bahati, kila siku, miezi mitatu. Watu wengi wenye vyeo huishi hivyo mpaka wakastaafu.

Mei, mashine ya kupozea chumba cha chini ikaanza kukohoa. Noreen akapiga simu kampuni. Baada ya siku kumi na moja akaja fundi, akashuka ngazi, akaweka kiganja juu ya bomba kama mtu anayempima mtoto homa.

“Inachoka,” akasema. “Umri. Hata mimi.”

“Sasa utaibadilisha?”

“Inategemea, mama. Bia inalalamikiwa?”

“Bia yangu?” Noreen alimgeukia Cyril. “Cyril, ilikuwaje leo?”

“Nne.”

Fundi alimjua Cyril, nani hakumjua. Akaandika kwenye fomu yake: si ya haraka. Na kwa kuwa kampuni ile ina nyumba sabini na mbili, na mambo ya haraka hayaishi, Mfumaji ikawekwa chini kabisa ya orodha, mahali panapokaa mambo yasiyolalamikiwa.

Juni ikaja na joto. Nakumbuka siku yenyewe, Alhamisi, siku ya dhumna. Nilipiga funda la kwanza, taya zikanikaza. Nikamtazama Derek Lumb, aliyekuwa dereva wa lori la makaa na mdomo mkubwa kuliko yote mtaani. Lumb alikuwa anayatazama madhumna yake kana kwamba yameandikwa wosia. Nikamtazama Cyril. Cyril alikuwa amemaliza glasi yake na anafuta masharubu.

Basi nikajiambia: ni mimi.

Lumb naye alijiambia ni yeye. Alikiri baadaye kwamba alibadilisha gundi ya meno yake ya bandia mara mbili mwezi ule. Mwingine alisema ni harufu ya ule mtungi wa mayai yaliyolowekwa kwenye siki uliopo kaunta, na mtungi ukahamishwa hadi mwisho wa chumba, ukasimama huko peke yake umetengwa kwa kosa lisilo lake. Hakuna aliyemwambia Noreen. Watu wa hapa ukiwaletea siki ukawauliza ikoje, watasema nzuri sana, asante, watainywa yote, watakurudishia glasi kaunta ili usipate taabu ya kuifuata, na hawataonekana tena. Wanaiita adabu.

Siku ambayo mambo yangeweza kugeuka ilikuwa Jumamosi moja ya Julai, adhuhuri. Aliingia mwanamke mgeni, mtembea milimani, buti zimejaa matope, kitabu cha chama mkononi. Alikuja kwa sababu ya kitabu. Akaagiza painti, akanywa, akasimama kidogo. Kisha akairudisha kaunta, uso mwekundu kuliko wa mtu aliyeiba.

“Samahani sana,” akasema. “Labda ni mimi tu. Lakini nadhani, pengine, hii imegeuka.”

Kuna desturi kuhusu jambo hili. Mteja akisema bia imegeuka, unaimwaga, unampa nyingine, hubishani. Trevor angefanya hivyo. Lakini Trevor alikuwa na ulimi wake mwenyewe. Noreen alichukua ile glasi kwa mikono miwili, akazunguka kaunta, akaiweka mbele ya Cyril.

“Kipenzi,” akamwambia mgeni, “huyu bwana ndiye aliyeandika hicho kitabu chako.”

“Si chote,” akasema Cyril.

“Kurasa mbili,” akadakia Lumb. “Nyingine aliandika nabii Musa.”

Cyril aliinua glasi kwenye mwanga. Ilikuwa safi, unaweza kusoma gazeti kupitia kwake. Siki nzuri nayo huwa safi. Akaizungusha. Akanywa. Nikasikia jokofu la soda likinguruma, au labda halikuwa jokofu bali mashine ya chumba cha chini, ikijitetea.

Kabla hajasema, alitutazama. Alianza na Lumb, akaja kwangu, akaenda kwa wale wawili wa dirishani. Wakati ule nilidhani anatutazama kama hakimu anavyolitazama baraza. Baadaye aliniambia alikuwa anaomba. Alijua kwamba huenda mgeni anasema kweli. Laiti mmoja wetu angekunja uso, akaguna, akakohoa tu, angesema: Noreen, imwage, nami nina jambo la kukwambia. Alikuwa ameshaandaa na maneno.

Sisi tukatazama madhumna.

“Nne,” akasema Cyril.

“Basi ni mimi,” akasema yule mwanamke. “Samahani sana. Nilikula machungwa njiani.” Akanywa theluthi moja ya ile glasi akiwa amesimama, kwa heshima, akasema nzuri sana, asante, akaondoka. Noreen alimsindikiza kwa macho mpaka mlango ukafungwa.

“Vijana,” akasema. “Wamezoea vitu vya kopo.”

Wahenga husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga hawakuwahi kukaa Ackerdale. Kimya cha hapa hakina mshindo wowote, ni viti tu vinavyobaki wazi. Mmoja alisema daktari amemkataza bia. Mwingine mkewe. Mmoja alisingizia magoti, ingawa baa ile haikuwa na hata kidaraja kimoja cha kupanda. Lumb akahamia whisky, akasema ni kwa ajili ya damu, kisha damu ikapona naye akatoweka. Waliokuwa kumi na wanane siku ya Alhamisi wakawa tisa, wakawa watano.

Noreen alipambana na adui asiyemjua. Alipaka choo rangi. Alibadilisha mapazia. Alianzisha supu ya mbaazi siku ya Jumatano, supu nzuri kweli, na watu wawili wakaja kuinywa na chai. Jioni moja ya Septemba, jua bado liko dirishani, aliniuliza, “Niambie kweli, kipenzi. Ni sura yangu? Trevor alikuwa anasema nina uso wa mtu anayesubiri mahubiri yaishe.”

“Sura yako haina tatizo,” nikasema.

“Watu hawapendi kunywa mbele ya asiyekunywa. Wanahisi nawahesabia.”

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nalo pamoja na ladha yake. Nikamwambia supu ilikuwa nzuri.

Barua ya kampuni ilikuja katikati ya Oktoba: baa itafungwa mwisho wa mwezi, na vyumba vya juu vitatakiwa viwe wazi. Noreen aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mashine ya fedha, akafungua mlango kwa wakati wake. Tulikuwa watatu: yeye, Cyril, na mimi karibu na mtungi wa mayai. Cyril alikuwa ameshatoa nne yake.

Noreen akavuta painti. Tulidhani ni ya Cyril. Aliiweka mbele yake mwenyewe.

“Miaka hamsini na tisa tangu niape,” akasema. “Nadhani Bwana atanielewa. Nataka kujua ni kitu gani hiki wamekikimbia.”

“Noreen,” akasema Cyril, akiinuka. “Usi—”

Akanywa. Alikunywa kama anavyokunywa mtu asiyejua, funda kubwa, kama maji. Niliona uso wake ukikaza kuanzia kidevuni kupanda juu, macho yakafumba, mkono ukashika kaunta. Akameza. Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyefafanuliwa jambo lililomsumbua tangu utotoni.

“Kumbe ndivyo ilivyo,” akasema. “Hii ndiyo aliyokuwa anaipenda Trevor. Hii ndiyo mnayoipandia mabasi.” Akacheka kidogo, bila furaha. “Siwalaumu waliokwenda. Nawashangaa nyinyi mliobaki.”

Hapo ndipo Cyril aliposema. Alisimama akiwa ameshika kofia, sauti ya mtu anayetoa ripoti kiwandani.

“Haipaswi kuwa hivyo. Noreen, mimi sionji kitu. Tangu Februari. Hata mkate.”

Noreen alimtazama. Hakuonekana kukasirika, alionekana anahesabu miezi.

“Siku ya fundi?”

“Sikuonja.”

“Na yule mwanamke wa buti?”

“Hata ile.”

Akanigeukia mimi. “Na wewe ulimi wako?”

“Mzima,” nikasema.

Mtu hulipwa kwa adabu yake. Noreen aliimwaga ile bia kwenye sinki, akaisuuza glasi, akaifuta kwa kitambaa ndani na nje, akaipandisha rafuni pamoja na nyingine.

“Mngeniambia, vipenzi,” akasema.

Hakurudia tena. Wiki mbili zilizobaki alivuta bia, akaosha glasi, hakumuuliza mtu yeyote ikoje. Cyril aliiandikia kampuni barua ya kurasa tatu, akaeleza homa, haradali na mashine, akaomba alama zake zote tangu Februari zifutwe na baa ipewe muda. Kampuni ikamjibu kwa kadi, ikimshukuru kwa mapenzi yake ya muda mrefu kwa chapa zake. Chama kilikuwa kimeshachapa kitabu. Mfumaji imo, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne: bia ya kuaminika, mwenyeji mkarimu, supu Jumatano.

Noreen alihamia Morecambe kwa dada yake, chumba kimoja kinachotazama maegesho ya magari. Nilimwandikia Krismasi. Alijibu kwamba yuko salama na kwamba kanisa la huko lina joto. Kuhusu kile kiapo hakusema kitu, lakini dada yake aliniambia kwa simu kwamba siku ya watoto kutia saini kadi zao, Noreen hutoka nje na kusubiri uani.

Cyril anakula kwa saa siku hizi, kwa kuwa njaa haimwiti. Amepungua sana. Tulikutana hospitali, viti vya plastiki, kila mmoja na karatasi yake ya namba, na hapo ndipo aliponieleza yote, pamoja na ule mtazamo wa Julai. Nilimsikiliza mpaka namba yake ikaitwa. Daftari amelikabidhi kwa chama. Haonekani mahali pa bia.

Siku tangazo lile lilipobandikwa, nilipita nikalisoma lote, mara mbili, kisha nikaendelea na safari yangu hadi klabu ya wachezaji wa tufe, mita mia mbili chini ya barabara ileile. Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana. Walikuwapo watu kumi na saba wa Mfumaji, Lumb akiwa wa kwanza kugawa madhumna, na mhudumu alikuwa ameshuka kufungua pipa la pili.